Mtoto Mchanga katika Maandishi ya Pwani: Mwana Kupona, Salme na Mtoro

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumtazama mtoto kwa jicho la mwalimu wa shule. Anapotajwa, hutajwa ama kama msomaji wa vijitabu vyenye picha, ama kama mwanafunzi anayepaswa kutiwa adili. Mtoto mchanga, yule wa mbelekoni, anayeogeshwa na kusingwa mafuta, anayenyolewa nywele alizozaliwa nazo siku ya arobaini, na kuvishwa nguo mpya asubuhi ya Idi kabla hajajua Idi ni nini, hakushughulikiwa. Hudhaniwa kwamba habari zake ni za wanaanthropolojia, au kwamba zimo katika fasihi simulizi peke yake, na kwamba watunzi wa kale walioshika kalamu hawakuwa na haja naye. Dhana hiyo ni ya haraka. Mtoto mchanga yumo katika maandishi ya pwani, tena katika utungo mashuhuri kuliko tungo zote za wanawake wa Kiswahili. Ila hayumo mahali ambapo wahakiki wamekuwa wakimtafuta.

Makala haya yanachunguza maandishi matatu yaliyotokea katika muda usiotimia nusu karne: Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, kumbukumbu za Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, na Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho mwandishi wake mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, kilichotolewa na Carl Velten mjini Göttingen mwaka 1903. Huenda ikapingwa kwamba kitabu cha Salme kiliandikwa kwa Kijerumani, na kwa hivyo hakina nafasi katika mjadala wa fasihi ya Kiswahili. Pingamizi hilo ni la haki. Halipuuzwi hapa, bali litaonekana kuwa sehemu ya hoja yenyewe. Maana yafaa iulizwe ni kwa nini mtu aliyezaliwa na kulelewa Unguja, ambaye Kiswahili kilikuwa masikioni mwake tangu utotoni, aliandika habari za utoto kwa lugha ya ugenini, na kwa watu gani.

Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alikuwa mjane wa Bwana Mataka, Sheikh wa Siyu, aliyefariki mwaka 1856 baada ya upinzani wa miaka mingi dhidi ya Sayyid Said wa Unguja. Miaka miwili baada ya kifo cha mumewe, naye akiwa taabani kwa maradhi yaliyomshika muda wa mwaka mzima, alimtungia bintiye Mwana Hashima, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, wasia juu ya dini, adabu na ndoa. Utendi huo ulipochapishwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934, ulipewa jina la Kiingereza lililouelekeza wote kwenye wajibu wa mke kwa mume, na mjadala tangu hapo umekwenda na njia hiyo hiyo. Wako wanaouona kuwa ni hazina ya maadili. Wako wanaouona kuwa ni pingu aliyofungwa mwanamke na mwanamke mwenziwe. Katika vyumba vya mihadhara mabishano hayo hurudiwa mwaka hadi mwaka, na aghalabu huishia pale pale yalipoanzia. Ann Biersteker, katika uchambuzi alioutoa mwaka 1991, aliufikiria upya utendi huu na kuonyesha kwamba maneno ya utii yaweza kubeba maana zaidi ya utii. Huo ni mlango mzuri. Hata hivyo, si lazima msomaji avuke hadi kwenye kejeli na mafumbo ili aone jambo ambalo utendi unalisema kwa uwazi kabisa.

Litazamwe kwanza tendo la mwanzo. Mama anamwita binti aje karibu, aketi na wino na karatasi. Wahakiki wamekaa sana juu ya wino na karatasi hiyo, nao wana haki, kwani ni ushahidi wa elimu ya wanawake wa Pate na Lamu. Lakini kabla wasia haujashika njia, mama anamkabidhi binti hirizi na kumtaka aifunge vizuri kwa uzi, kisha anamwongezea kidani cha lulu na marijani. Wengi hupita hapo upesi, wakieleza kwamba hirizi na kidani ni mfano tu wa nasaha zinazofuata. Ni mfano, hapana shaka. Lakini mfano huo umechukuliwa wapi? Hirizi ya uzi ni miongoni mwa vitu vya kwanza avaavyo mtoto wa pwani. Hufungwa mkononi au shingoni angali ndani, hajatolewa nje, ili jicho baya limpitie mbali. Kwa hiyo mama aliye kitandani, anayejua kwamba hatakuwapo muda mrefu, anamrudisha binti wa makamo ya kuolewa kwenye hali ya mtoto anayefungwa hirizi, na ndipo anapoanza kumwambia mambo ya utu uzima. Tendo hilo ni la mlezi kabla ya kuwa la mshairi.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika sehemu ya wasia inayohusu kumtunza mume, mtunzi anavitaja vitendo kwa mfuatano: mume aandaliwe chakula mara aamkapo, mwili wake utunzwe, asingwe, aoshwe, anyolewe na kutengenezwa ndevu apendeze, afukizwe asubuhi na jioni. Akilala, asisumbuliwe, mke amkaribie taratibu, ampapase, na asikose mtu wa kumpepea. Vitendo hivi vimesomwa kama orodha ya utumishi. Lakini mtu anayeifahamu nyumba ya mzazi pwani hawezi kuikosa asili yake. Kusinga, kuosha, kunyoa, kufukiza, kupapasa, kupepea aliyelala: hiyo ndiyo kazi ya siku arobaini za kwanza za mtoto, kuanzia mafuta yanayosingwa mwilini hadi udi unaofukizwa nguo zake. Na wala msomaji hakuachiwa abahatishe. Mara tu baada ya kuvitaja vitendo vya kuosha na kunyoa na kufukiza, Mwana Kupona analeta tashbihi yake maarufu, kwamba mume atunzwe kama mtoto ambaye hajaanza kusema, na kwamba kila kinachoingia na kinachotoka kiangaliwe kwa makini.

Hapa pana jambo dogo la lugha ambalo limewapoteza baadhi ya wanafunzi. Neno alilolitumia mtunzi ni *kijana*, na msomaji wa leo, aliyezoea Kiswahili sanifu, humwona barobaro. Katika lahaja za kaskazini neno hilo humchukua mtoto mdogo pia, na maelezo ya mtunzi mwenyewe juu ya kutojua kusema yanaondoa shaka. Anayetajwa ni mtoto wa kubebwa. Hata huko kuangalia kinachoingia na kinachotoka, ambako wafasiri wengine wamekuelekeza kwenye mali ya nyumba, kunaweza kusomwa kwa maana ya moja kwa moja zaidi, ya mlezi anayepima alichokula mtoto na alichotoa. Mama wa mtoto mchanga hufanya kazi hiyo kutwa kucha.

Basi tashbihi haikuja kupamba ubeti. Imekuja kulitaja kwa jina jambo ambalo beti zilizotangulia zimekwisha kulitenda. Na matokeo yake ni ya ajabu: katika utendi mrefu wa mama kwa bintiye, mtoto mchanga wa pekee anayeoshwa na kulazwa ni mwanamume mtu mzima. Mwana Kupona aliyezaa na kulea hamwambii binti yake hata neno moja jinsi ya kumwogesha mtoto atakayemzaa. Hamwambii namna ya kumtia wanja, wala namna ya kumbembeleza alalapo na homa. Anamwambia jinsi ya kuishi na mume, na ili aeleweke anatumia elimu ambayo binti anayo tayari, kwa kuwa msichana wa miaka kumi na saba katika nyumba ya watu wengi amekwisha kupakata watoto wa ndugu na jamaa zake. Elimu ya malezi haikutungiwa beti kwa sababu haikuhitaji kutungiwa. Ndiyo iliyokuwa kipimo cha mambo mengine. Mtunzi hupimia kwa kile ambacho msikilizaji hana haja ya kuelezwa.

Usomaji huu hauondoi ukali wa utendi. Mwana Kupona anasema pia kwamba siku ya Kiyama neno litakuwa la mume, na kwamba radhi yake ndiyo itakayompeleka mke peponi. Mume huyo huyo anayelazwa na kupepewa mchana wa dunia ndiye mwenye hukumu mchana wa akhera. Mambo hayo mawili yamewekwa jirani, na mtunzi hakujaribu kuyapatanisha. Mhakiki anayeyapatanisha kwa niaba yake, ama kwa kusema mume amedharauliwa, ama kwa kusema mke amedhalilishwa, ameusoma utendi nusu.

Tena kuna upande mwingine ambao watetezi na wapinzani wa utendi huu wote wameupita kwa haraka. Mtunzi anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Anaposema, basi, kwamba mume asikose mtu wa kumpepea, huyo *mtu* ni nani? Si lazima awe mke. Katika nyumba ya masheikh wa Siyu mkono ulioshika upepeo, kama ulivyokuwa mkono uliobeba watoto, aghalabu ulikuwa wa mjakazi. Utendi unamtaja kwa neno tupu, bila jina wala kazi yake, kisha unapita. Jambo hilo litarudi.

Kwamba utoto mchanga ndio kipimo cha ndoa si fikra ya mshairi mmoja. Lugha yenyewe imeihifadhi. Miongoni mwa zawadi ambazo upande wa bwana arusi hutoa kwa mama wa bibi arusi, kwa desturi ya pwani, ziko mbili ziitwazo *mkaja* na *mbeleko*. Mkaja ni kitambaa anachojifunga mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Siku ya harusi, mbele ya ngoma na vigelegele, mama hulipwa kwa majina ya nguo alizozitumia miaka mingi nyuma, usiku, pasipo mtu kumtazama. Kamusi huandika maana mbili za kila neno na kuzitenga kwa nambari, kana kwamba zimekutana kwa bahati. Hazikukutana kwa bahati. Maana ya pili ni hesabu ya maana ya kwanza, na arusi, iliyo sherehe kubwa kuliko zote za ukoo, hukumbuka mtoto mchanga kwa njia ile ile aliyoitumia Mwana Kupona: haimwelezi, inampimia.

Salme binti Said alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Baba yake ndiye Sayyid Said yule yule aliyepambana na Bwana Mataka, na kwa sadfa watu hao wawili walifariki mwaka mmoja. Habari za kuondoka kwake Unguja mwaka 1866, kuolewa kwake na mfanyabiashara wa Hamburg, na ujane wake wa mapema katika Ujerumani zinajulikana na hazina haja ya kukaririwa. Linalohusu hapa ni kwamba alianza kuandika kumbukumbu zake kwa ajili ya wanawe, waliokuwa wakilelewa katika nchi ya baridi na wasioijua nyumba ya Mtoni.

Katika kitabu chake mtoto mchanga anaelezwa waziwazi kuliko katika utendi wowote wa wakati wake. Msomaji anaambiwa jinsi mtoto anavyofungwa kwa vitambaa siku za mwanzo. Jinsi masikio ya mtoto wa kike yanavyotobolewa siku ya saba kwa sindano na uzi wa hariri nyekundu. Jinsi nywele zinavyonyolewa siku ya arobaini, na kwamba nywele hizo hazitupwi ovyo. Kuna pia siku za sikukuu, pamoja na ugawaji wa zawadi katika nyumba ya mfalme na pilikapilika za watoto na mama zao waliokuwa wakizingojea. Yako na mambo ya mtoto aliyekwisha kukua kidogo: aliyepanda mnazi mrefu bila kamba na kuwatia watu hofu, aliyejifundisha kuandika kwa siri juu ya mfupa wa bega la ngamia kwa kunakili herufi za Msahafu.

Lakini sauti ya mwandishi si moja katika kurasa hizo. Anapoeleza mnazi na mfupa wa ngamia, Salme anakumbuka. Kuna siku fulani, kuna hofu fulani, kuna mtoto mmoja mwenye jina. Anapoeleza siku ya saba na siku ya arobaini, anaacha kukumbuka na kuanza kufafanua, na mtoto anakuwa mtoto yeyote. Haikuwa hitilafu ya ufundi. Hapana binadamu anayekumbuka arobaini yake. Utoto mchanga ndio sehemu ya maisha ambayo mwenyewe hawezi kuiandika. Sharti aiandike aliyekuwa akimtazama. Katika nyumba ya Mtoni waliokuwa wakitazama usiku na mchana walikuwa mama na, zaidi yao, walezi waliokuwa watumwa. Hao hawakupewa kalamu. Salme anawaelezea kwa wema wa bwana anayemkumbuka mtumishi, na katika kitabu hicho hicho anautetea utumwa mbele ya wasomaji wa Ulaya. Mhakiki hana budi kuyasema mambo hayo mawili pamoja. Yule ambaye angeweza kueleza jinsi Salme alivyolia usiku alipokuwa mchanga, na kwa wimbo gani alinyamaza, ndiye yule ambaye Salme anasema utumwa wake haukuwa mbaya.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, naye aliandika akiwa mbali. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, na alifariki katika mji huo huo mwaka 1927. Kitabu cha desturi kilihitajiwa na Wajerumani waliotaka kuwajua watu waliowatawala. Kwa muda mrefu watafiti wamekichimba kama mgodi wa habari, na sifa zake za nathari hazikuzingatiwa hadi baada ya tafsiri ya J. W. T. Allen kutokea mwaka 1981; hata sasa hazijazingatiwa vya kutosha. Nathari ya Mtoro ni safi, fupi, isiyojikweza. Inamfuata mwanadamu tangu mimba, kuzaliwa na kulelewa, hadi chuoni, jandoni, unyagoni, ndoani, na kaburini.

Nguzo yake ni viambishi viwili, *-ki-* ya sharti na *hu-* ya mazoea. Mtu akifanya hivi, hufanywa vile. Kwa umbo hilo hakuna mtoto anayezaliwa, huzaliwa watoto. Hakuna siku ya arobaini iliyonyesha mvua, wala mkunga aliyechelewa, wala baba aliyekopa ili anunue mbuzi wa akika. Umbo hili lina heshima yake, na lina faida ambayo kumbukumbu ya Salme haina: linamchukua mwana wa muungwana na wa mtumwa katika kitabu kimoja, kwa kuwa sura za utumwa zimo, tena zimeandikwa kwa jicho kavu lisilotetea. Lakini linaleta hasara kubwa kwa mada ya utoto. Sherehe huelezeka kwa *hu-*, kwa sababu sherehe ina utaratibu. Maisha ya kila siku hayaelezeki kwayo ila kwa sehemu ndogo. Kati ya siku ya saba na siku ya arobaini kuna siku thelathini na mbili, na kitabu cha desturi, kwa tabia ya umbo lake, hakiwezi kukaa humo. Kinaruka kutoka sherehe hadi sherehe kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Maandishi haya matatu yakiwekwa pamoja, jambo moja linajitokeza ambalo halionekani yakisomwa moja moja. Mtoto mchanga anaelezwa kwa urefu pale ambapo msomaji hana habari naye. Salme anawaelezea watoto wa Hamburg na Berlin. Mtoro anawaelezea wageni. Mwana Kupona, anayemwambia mtu wa ndani, haelezi kitu, anapimia tu. Kunyamaza kwa utendi si dalili ya kutojali, bali ni dalili kwamba mnyororo wa malezi ulikuwa mzima, na kwamba mkono uliofuata ulijua pa kushika. Habari za malezi huandikwa mnyororo huo unapokatika.

Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, basi hali ya fasihi ya Kiswahili ya baadaye inahitaji maelezo, kwa sababu mnyororo umekatika hata nyumbani. Mama kijana wa Nairobi anayeishi katika nyumba ya vyumba viwili, ambaye mama yake mzazi yuko Malindi au Kakamega, hujifunza kumwogesha mtoto kwa kuuliza kwa simu. Arobaini, kwa wanaoifuata, husogezwa hadi Jumamosi ili wafanyakazi wapate nafasi. Sherehe ya siku ya kuzaliwa, yenye keki na mishumaa, imeingia katika nyumba za Waislamu na Wakristo sawia, na mtoto wa mwaka mmoja hukalishwa mbele ya keki ambayo hawezi kuila, kama vile babu yake alivyokalishwa mbele ya wembe ambao hakuujua. Hapa pangetazamiwa kwamba mwandishi wa Kiswahili angelazimika kueleza yale ambayo Mwana Kupona hakuwa na haja ya kuyaeleza. Jambo hilo limetokea kwa nadra.

Shaaban Robert alikuwa na nafasi hiyo kabla ya wengine. Katika Maisha Yangu alikuwa na umbo lililofaa, nathari ya mtu anayejieleza, na alikuwa na watoto waliofiwa na mama yao wangali wadogo. Lakini anapowageukia wanawe anaacha nathari na kushika utenzi: Hati kwa binti, Adili kwa mwana wa kiume. Hati inafuata nyayo za Mwana Kupona kwa wazi. Inafuata nasaha zake, lakini haikuchukua ile hirizi wala ule upepeo. Mtoto katika tenzi hizo ni mrithi wa maneno. Jinsi mjane yule alivyowalaza watoto usiku wa kwanza baada ya msiba, msomaji hapewi. Na kwa mwandishi aliyekuwa na upole kama wake, hasara hiyo si ndogo.

Ken Walibora, katika Kidagaa Kimemwozea cha mwaka 2012, aliikaribia mada kwa njia nyingine. Kitoto kinachotupwa mlangoni pa Amani kinalelewa na vijana wawili, Amani na Imani, ambao hawana mama wala bibi wa kuwaelekeza. Huo ni mnyororo uliokatika hasa, na katika mikono ya vijana hao riwaya ilikuwa na sura ambazo fasihi yetu haijawahi kuziandika. Lakini mtoto amepewa jina la Uhuru. Tangu anapopewa jina hilo, kila kinachompata ni habari ya taifa: kutupwa kwake, ugonjwa wake, kifo chake, na kukamatwa kwa walezi wake. Wanafunzi wa shule za upili, waliotahiniwa kwa kitabu hicho, walifundishwa kukiona kitoto kama ishara, na walifaulu mtihani kwa kukiona hivyo. Mwandishi hakukosea kuandika istiara. Kilichokosekana ni zile kurasa chache ambazo kitoto kingelia kwa sababu ya njaa tu.

Inabaki fasihi simulizi, ambako wengi wangesema ndiko mtoto mchanga aliko. Ndiko aliko, lakini mikusanyo haijamtendea haki. Bembelezi huainishwa chini ya nyimbo za watoto, ilhali mtoto ndiye mtu pekee katika chumba asiyeyafahamu maneno yake. Anayeimba ndiye anayejisikia: mama aliyechoka, dada mkubwa aliyezuiliwa kwenda kucheza, yaya aliyewaacha wanawe kijijini ili alee wa mwingine. Bembelezi ndio utungo wa pekee ambao mlezi yule asiye na kalamu, mtu wa kupepea katika utendi, mjakazi katika kumbukumbu za Salme, alikuwa mtunzi wake. Aghalabu hukusanywa mchana, kutoka kwa mwanamke aliyeketi bila mtoto mikononi, na huchapwa kwa beti zilizonyooka pamoja na neno moja la kueleza kazi yake, kwamba ni wimbo wa kumlaza mtoto. Nani alikuwa akimlaza, mtoto wa nani, saa ngapi za usiku, wimbo ulikatika wapi alipolia tena, jina la nani lilitiwa katikati ya ubeti, na ni maneno gani mwimbaji hayasemi mwenye nyumba akiwa macho: mambo hayo hayamo katika daftari za wakusanyaji, na wanawake wanaoweza kuyajibu wangali hai Lamu, Mombasa, Vanga na Unguja.